Posa Ikigonga Mwamba: Namna ya Kumsimamia Binti Ambaye Nyumbani Hawamtaki Mchumba Wake

Amekuja kwako kwa sababu kwao mlango umefungwa. Huenda wewe ni shangazi yake, mama mdogo, dada mkubwa, au rafiki tu anayeaminika. Kuna mwanamume amejitokeza, ametuma watu kwa heshima, na jibu lililorudi ni "hapana". Au ni lile jibu linalochosha kuliko hapana: "tutaangalia", na huu ni mwezi wa nne wanaangalia. Binti anataka umsaidie. Kabla hujampigia baba yake simu, soma kwanza.

Nimekalia kiti hicho mara tatu. Mara mbili ndoa ilifungwa na wazazi wamekaa mbele. Mara ya tatu binti mwenyewe aliachana na mwanamume yule tukiwa katikati ya safari, na hiyo nayo siihesabu kuwa hasara. Nilichokiona mara zote tatu ni kwamba ukoo mzima haukatai. Anayekataa ni mtu mmoja, wakizidi sana wawili. Waliobaki wamejipanga nyuma yake kwa kumwogopa, kumstahi, au kwa kuchoka na ugomvi. Tena sababu inayotamkwa sebuleni mara nyingi siyo iliyoko moyoni. Ukimjua mwenye "hapana" na ukaijua sababu yake ya kweli, umeshafanya zaidi ya nusu ya kazi. Usipomjua, utapigana na kivuli mpaka uchoke.

Hatua ya 1: Mhoji binti kabla hujamtetea

Mkalishe peke yake, mahali pasipo watu wa kuingia na kutoka, na umhoji kana kwamba wewe ndiye unayempinga. Atakasirika. Mwache akasirike, heri akwame kwako kuliko akwame mbele ya baba yake.

Mmefahamiana muda gani, na katika muda huo umemwona akiishiwa, akiugua, akigombana na mtu? Umefika kwao, au unakujua kwa kusimuliwa? Ana mke mahali, ana mtoto? Anadaiwa? Mmeshaongea mtaishi wapi? Nani kati yenu ana haraka zaidi, na haraka hiyo ni ya nini?

Swali la mwisho liulize polepole: "Baba yako akikubali kesho asubuhi, utafurahi au utaogopa?"

Yule binti wa tatu nilipomuuliza hivyo alikuwa anazungusha pete kidoleni. Pete ikasimama. Akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Sijui, mama. Nafikiri nitapumua kwanza." Alikuwa ameshapigana na kwao kwa mwaka mzima, na vita vilimnyima nafasi ya kumtazama vizuri mtu aliyekuwa akimpigania. Hatukumsukuma. Baada ya wiki chache alijijibu mwenyewe.

Watu husema upinzani hunogesha mapenzi. Usilitegemee hilo. Ni kweli kwamba mwaka 1972 watafiti wa Marekani, Richard Driscoll na wenzake, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wazazi wakiingilia kati wapenzi huzidi kushikamana, na habari hiyo ikasambaa sana. Lakini watafiti wengine walipolirudia suala hilo na kuchapisha kazi yao mwaka 2014, hawakukiona kitu hicho. Walichokiona ni kwamba wapenzi wanaokubaliwa na jamaa na marafiki ndio ambao mapenzi yao hustawi. Kwa hiyo muda utakaoutumia kutafuta ridhaa ya nyumbani haupotei bure, hata kama binti anaweza kuolewa bila hiyo ridhaa.

Katika mahojiano haya kuna mambo mawili ya kukusimamisha hapo hapo. La kwanza, binti akiwa chini ya miaka 18, kazi yako ni kumsaidia akue na amalize masomo, siyo aolewe. Mwongozo huu haumhusu. La pili, mwanamume akiwa amewahi kumpiga, anamkagua simu, anamtaka akate mawasiliano na ndugu zake, au anataka ndoa ya harakaharaka na ya siri, basi kwao hawajakosea hata kama wanalieleza vibaya. Mwambie hivyo usoni. Ukinyamaza kwa kuogopa kumpoteza, utakuja kumsikia akilia kwa jambo kubwa zaidi.

Hatua ya 2: Mtafute mwenye "hapana"

Chukua daftari. Andika kila mtu mwenye sauti katika suala hili, na mbele ya jina lake andika alichosema kwa maneno yake mwenyewe, siyo kwa tafsiri ya binti. Binti atakuambia, "Baba hamtaki kabisa." Muulize: alisema nini hasa, siku gani, mbele ya nani? Utashangaa. Ukurasa wa binti wa kwanza niliyemsimamia, mtoto wa kaka yangu, ulikuwa hivi:

Baba: "Sina neno na kijana, ila mambo haya yana wenyewe."
Mama: "Muulize baba yako."
Kaka mkubwa: "Yule? Ana nini?"
Bibi: "Kijana ana adabu."
Baba mkubwa: hakuulizwa.

Mimi nilikuwa nimeshaharibu. Nilimvamia kaka yangu jioni moja, nikamwambia anamwonea mtoto, tukarushiana maneno, akatoka. Ndipo nikarudi kwenye lile daftari, na mstari wa mwisho ukanitazama. Kaka yetu mkubwa, yaani huyo baba mkubwa wa binti, alisikia habari za posa kutoka kwa mtu wa nje. Hakuna aliyemfikishia rasmi. Hakusema neno, ila alipoulizwa na wengine alijibu, "Mimi si mtu wa kuambiwa siku hizi," na baba wa binti, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupita mbele ya mkubwa wake, akashikilia "mambo haya yana wenyewe". Kijana alikuwa hajakataliwa na mtu yeyote! Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kwa mkubwa, kukaa, na kuomba radhi kwamba utaratibu umerukwa. Nilikwenda mwenyewe. Alinilaumu kwa saa nzima, na ilipokwisha ile saa akauliza, "Huyo kijana ni mtoto wa nani?"

Kwa hiyo soma ukurasa wako kwa kutafuta mambo matatu: nani hakuulizwa, nani anajibu kwa kumsukumia mwingine, na nani yuko upande wenu lakini hajapewa nafasi ya kusema. Anayesema "muulize fulani" hana hapana; anaogopa tu. Bibi aliyesema kijana ana adabu ni mtaji, mtunze. Kaka anayefoka naye kwa kawaida hana uamuzi wowote, ana makelele. Usipoteze nguvu kwake.

Hatua ya 3: Pambanua sababu

Kila sababu ina namna yake ya kushughulikiwa. Kuzichanganya ndiko kunakofanya mazungumzo yawe ya kuzunguka mbuyu.

"Hana kitu." Hapa maneno ya "Mungu atasaidia" hayasaidii. Mwanamume akae na binti waandike: kinachoingia kwa mwezi, madeni, watakapoishi, nani anawategemea. Mzazi akiuona mpango mdogo wa kweli hutulia kuliko akisikia mpango mkubwa wa mdomo. Na kama hesabu hazikai, basi mmepata jibu mapema: siyo "hapana", ni "bado". Tofauti hiyo ni kubwa, ikubalini.

Dini. Usijifanye ni jambo dogo. Katika Uislamu, mwanamume Mwislamu anaruhusiwa kumwoa mwanamke wa Ahlul-Kitabu, yaani Myahudi au Mkristo, lakini wanazuoni walio wengi hawamruhusu Mwislamu wa kike kuolewa na asiye Mwislamu. Katika Kanisa Katoliki, ndoa ya Mkatoliki na Mkristo aliyebatizwa wa dhehebu jingine inahitaji ruhusa, na ndoa na asiyebatizwa inahitaji kuondolewa kizuizi. Mkatoliki huahidi kufanya kila awezalo watoto wabatizwe na walelewe Kikatoliki, na mwenzake hujulishwa ahadi hiyo. Nenda na binti kwa kiongozi wao wa dini waulize wenyewe kabla ya kumkabili mzazi. Na swali ambalo wachumba wengi hulikimbia waulize leo: watoto watakuwa wa dini gani? Mzee akiuliza hilo na binti na mchumba wake wakatazamana, mazungumzo yameisha. Kubadili dini ili kupata harusi ni jambo la kuogopa. Kama mtu hakuwa na imani hiyo kabla ya uchumba, mpe muda aionyeshe.

Kabila, rangi, ukoo, tabaka. Hoja haifui dafu hapa. Sijawahi kumwona mtu aliyebadilishwa kwa kuambiwa kuwa mawazo yake ni ya kizamani. Hubadilishwa na kuonana: mara moja, mara mbili, mara ya sita anagundua kijana anacheka kama mdogo wake aliyefariki. Lenga kuwakutanisha, siyo kuwashawishi.

Afya. Hapa ndipo uvumi unapoharibu ndoa nyingi bila sababu, na pia ndipo penye mambo ya kweli ya kuangaliwa. Tuchukue selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kama wote wawili wamebeba nusu ya vinasaba vyake, yaani AS na AS, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 kuzaa mtoto mwenye ugonjwa, asilimia 50 mtoto mbebaji, na asilimia 25 mtoto asiye navyo kabisa. Mmoja akiwa AS na mwingine AA, yaani asiye navyo kabisa, hakuna mtoto wao atakayezaliwa na ugonjwa huo, ingawa anaweza kuwa mbebaji. Ni kipimo cha damu tu. Wapime, waje na karatasi. Virusi vya UKIMWI: mtu anayetumia dawa vizuri hadi virusi havionekani kwenye kipimo haambukizi kwa kujamiiana, na hilo ni jambo ambalo daktari anaweza kulieleza kwa wawili hao kwa siri yao. Siri ya afya ya mtu siyo yako kuipeleka kwenye kikao cha ukoo, hata ukidhani itasaidia. Kifafa hakiambukizi. Familia ikisema "kwao kuna ugonjwa", uliza ugonjwa gani, kwa nani, na nani aliupima.

Ameshawahi kuoa, au ana mtoto. Hili litatoka tu, kwa hiyo litolewe na yeye, mapema, kwa wazi. Mzazi anaweza kuumeza ukweli mchungu. Kugundua kwamba alifichwa, hapana.

Sasa zile zisizotamkwa. Binti ndiye anayelipa karo ya wadogo zake. Mama atabaki peke yake nyumbani. Dada mkubwa hajaolewa na watu watasema. Baba alishamwahidi rafiki yake kitambo, akisema ni utani, lakini haukuwa utani. Hakuna mzazi atakayekiri haya mbele ya wageni, kwa hiyo atachukua sababu iliyo karibu, atasema kijana mfupi, atasema anacheka sana. Ukisikia sababu nyepesi inashikiliwa kwa nguvu kubwa, jua chini yake kuna nyingine.

Hatua ya 4: Chagua mdomo

Atakayezungumza na mwenye "hapana" siyo lazima awe wewe. Mtafute mtu ambaye huyo mzee humsikiliza katika mambo mengine, ambaye hana deni naye wala kinyongo cha zamani, na ambaye akisikia siri haimuwashi mdomo. Rafiki wa mwanamume hafai. Mtu aliyegombana na mzee kwa shamba hafai hata akiwa na hekima ya Sulemani. Msemaji mzuri kupita kiasi naye ana walakini. Wazee wengi humwogopa mtu anayewashinda kwa maneno.

Huyo msemaji ajue mipaka yake. Waislamu wana kisa cha Barira na Mughith, kilichopokewa na Bukhari. Barira alipoachwa huru kutoka utumwani alichagua kuachana na mumewe Mughith, naye Mughith akawa anamfuata njiani huku machozi yanamtiririka hadi ndevuni. Mtume akamwombea kwa Barira. Barira akauliza: unaniamuru? Akajibiwa kwamba siyo amri, ni kuombea tu. Akasema basi simhitaji, na jambo likaishia hapo. Anayeombea huomba, na aliyeombwa hubaki na haki ya kukataa. Hilo linamhusu baba unayekwenda kumwona, na linamhusu binti pia siku watakapomletea mtu wao.

Hatua ya 5: Kikao chenyewe

Usiende siku ya sherehe, siku ya msiba, wala siku ambayo mzee amerudi amechoka. Usiende na watu wengi. Mkiwa watano anaona amezingirwa, na aliyezingirwa hutafuta heshima yake kwanza, mtoto baadaye. Mtu mmoja anatosha, na pawe mahali ambapo yeye ni mwenyeji.

Usianze kwa kumsifu mwanamume. Anza kwa kuuliza, kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Maswali yanayofungua: "Unamwogopea nini huyu mtoto?" "Ungetaka uone nini ndipo moyo wako utulie?" "Nani mwingine angefaa kuulizwa ambaye hatujamuuliza?" Linalofunga ni moja tu, "Kwa nini unakataa?", kwa sababu linamlazimisha ajitetee, na kila akijitetea anajiaminisha zaidi.

Binti wa pili alikuwa mdogo wa rafiki yangu, anaishi na mama yake peke yao. Mama alimkataa kijana kwa kuwa "kazi yake ya kuhamahama". Nilikaa naye nje, anachambua mboga, mimi namsaidia. Nikamuuliza, "Dada, hivi kijana huyu angekuwa anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa, ungemkataa?"

Kisu kiliendelea kidogo, kikasimama.

"Alhamisi nani atanipeleka kliniki?"

Hakusema zaidi, nami sikuongeza. Nilimalizia fungu lililokuwa mkononi mwangu, nikaaga. Wiki iliyofuata wachumba walikuja na karatasi moja: Alhamisi ya kwanza na ya tatu binti atakuwepo, nyingine mbili mtoto wa jirani ameshakubali, na kiasi fulani kitabaki kinakuja kila mwezi kama kilivyokuwa kinakuja. Mama aliisoma mara mbili. Suala la kuhamahama halikutajwa tena na mtu yeyote.

Siku ya kwanza usidai jibu. Sema hivyo waziwazi: "Sikuja kuchukua jibu leo, nimekuja kusikiliza." Halafu uondoke wakati mazungumzo bado ni mazuri. Mzee aliyekwishasema "hapana" mbele za watu anahitaji njia ya kurudi bila kuonekana ameshindwa, na njia hiyo ni lazima uitengeneze wewe: habari mpya ambayo hakuwa nayo mwanzo, mpango ambao haukuwepo, mtu aliyekuwa hajaulizwa. "Nimebadili mawazo" ni neno gumu mdomoni. "Sikuwa najua hili" ni jepesi.

Hatua ya 6: Mwanamume afanye nini

Machache. Asimwandikie mkwe mtarajiwa ujumbe mrefu usiku. Asitume zawadi zinazozidi uwezo wake. Zitasomwa kama rushwa, na mwaka unaofuata zitatarajiwa tena. Asitumie ndugu zake kutoa maneno ya "mnaringa nini". Aendelee kuonekana pale ambapo jirani mwema angeonekana: pakiwa na mgonjwa, pakiwa na msiba, pakiwa na kazi ya mikono. Afike, afanye, aondoke bila kutaja posa.

Hatua ya 7: Subira yenye tarehe

Binti na mchumba wake waamue watasubiri mpaka lini, waandike tarehe, na wakuambie wewe tu. Miezi mitatu ni michache kwa suala la dini au ukoo. Mwaka ni mwingi kwa suala la utaratibu uliorukwa. Tarehe inampa binti pumzi, maana kusubiri kusiko na mwisho ndiko kunakowafanya watu watoroke usiku.

Katika muda huo abaki binti yule yule nyumbani. Asinune, asigome kula, asihamie kwa rafiki. Kila akibadilika kwa ubaya, lawama inamwendea mwanamume: "Unaona alivyomharibu mtoto wetu?"

Yanayoharibu

Mimba ya kulazimishia ndoa. Inaweza kuwalainisha wazazi, ndiyo, lakini pia inamfunga binti kabla hajamalizia kumjua mtu, na inamwingiza mtoto kwenye ugomvi akiwa hajazaliwa.

Kuwaanika wazazi mtandaoni. Picha ya skrini ya maneno ya baba ikishatoka, haitarudi.

Na dawa. Ukitafuta msaada utakutana haraka na watu wanaouza mafuta, majina ya kusomewa, na "kazi" za kulainisha mioyo ya wazazi. Mwenendo wao ni ule ule: kiasi kidogo cha kuanzia, kisha kizuizi kimegunduliwa, kisha kiasi kikubwa zaidi, kisha wanajua siri zenu nyingi mno kiasi kwamba unaogopa kuacha kulipa. Sijaona baba aliyelainishwa hivyo, lakini nimeona akiba ya binti ikiisha. Na mzazi akija kugundua kuwa alifanyiwa jambo, hapo amepewa sababu ya kweli ya kukataa.

Ikibaki hapana

Tarehe imefika, milango yote imegongwa, binti ni mtu mzima na hajatetereka. Hapo anastahili kujua haki yake, na uisome naye kwa utulivu. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 16, linasema ndoa ifungwe kwa hiari na ridhaa kamili ya wanaooana, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1962 kuhusu ridhaa ya ndoa umelishikilia hilo hilo. Ridhaa inayotajwa pale ni ya hao wawili. Sheria ya nchi anayoishi ndiyo itakayosema taratibu za kufunga ndoa, kwa hiyo aende kwa msajili wa ndoa aulize ana kwa ana, asitegemee ya kusikia.

Kwa Mwislamu jambo lina ngazi yake. Madhehebu ya Shafi, Maliki na Hanbali yanashurutisha walii, yaani msimamizi wa mwanamke katika ndoa, kwa kawaida baba yake. Hanafi wanamruhusu mwanamke mtu mzima kujiozesha, huku walii akiwa na haki ya kupinga kama mume si kufu, yaani si wa hadhi inayolingana na ya mwanamke. Lakini hata panapohitajika walii, hana ruhusa ya kumzuia bila sababu ya kisheria. Aya ya 232 ya Suratul Baqara ina kisa chake: Ma'qil bin Yasar alikataa dada yake asirudiane na mume aliyemwacha, hali wenyewe wanatakana, na aya ikashuka kukataza uzuiaji huo, Ma'qil akatii akamwozesha. Walii akizuia kwa ukaidi, uwalii unaweza kuhama, na kadhi ndiye wa kuamua hilo. Kwa Mkatoliki, kanuni ya 1057 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema ridhaa ya wanaooana ndiyo inayofanya ndoa, na hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuitoa kwa niaba yao. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1563 ulikwishakataa dai la kwamba ndoa ambazo vijana wamefunga bila ruhusa ya wazazi wao ni batili, ingawa ulisema pia kwamba Kanisa halipendezwi nazo.

Haki ni haki, lakini ina gharama yake, na binti ataibeba kwa miaka. Kwa hiyo, akiamua kwenda, aende kwa mlango wa mbele. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, awaambie wazazi tarehe na mahali kabla hawajasikia nje. Awaambie wanakaribishwa, na viti vyao vitakuwepo. Asijibizane. Baada ya ndoa aendelee kupiga simu siku zile zile alizokuwa akipiga, hata kama haipokelewi. Mjukuu hufungua milango mingi, lakini usimwambie azae kwa sababu hiyo.

Kuna hali moja ambayo hatua zote hizi unaziweka kando. Binti akitishiwa kuuawa au kupigwa, akifungiwa ndani, akinyang'anywa vitambulisho, au akipangiwa kuozeshwa kwa nguvu kwa mtu mwingine, hilo siyo tena suala la posa. Mpe mahali salama pa kulala, nakala za vyeti vyake zikae kwako, mkubaliane neno moja ambalo akilituma utajua aje achukuliwe, na nendeni polisi au kwa shirika linalosaidia wanawake. Usimpelekee mzee msemaji siku hiyo.

Baada ya ndoa, jitoe

Kazi yako imeisha na hakuna anayehitaji kukumbushwa uliifanya. Usikae kwenye harusi ukisimulia. Usimwambie mkwe jinsi alivyokuwa akikataliwa na nani alisema nini. Lile daftari lichome. Maneno yaliyosemwa kwa hasira yana wenyewe, na wenyewe wameshayaacha.

Kaka yangu siku hizi huwaambia wageni kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona mkwe wake, akajua tangu siku ile kuwa huyu ndiye. Hunitazama akisema hivyo. Nami humwitikia, "Ndiyo, kaka, una jicho."